Ngoma inayochekesha, inayoponya na inayoonya: safari ya familia Moshi na migombani

Anayefika Moshi na watoto kwa mara ya kwanza hupata swali lile lile kabla hata mabegi hayajashushwa kwenye buti la basi: mlima uko wapi? Mara nyingi jibu ni wingu. Kibo, kilele chenye mita 5,895, hupenda kuonekana alfajiri na jioni. Mchana hujifunika, na mgeni hubaki akitazama juu upande wa kaskazini kama mtu aliyedanganywa.

Wakati wa kuusubiri mlima, familia inaweza kufanya jambo jingine, nalo ni kusikiliza. Moshi ni mji wa sauti. Jumapili asubuhi hupigwa tarumbeta za sharika za Kilutheri, urithi wa wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893. Adhana hutoka kwenye misikiti ya mjini. Makondakta wa Hiace huita Marangu, Kibosho, Uru na Machame kwa pumzi moja. Na siku nyingine, huko juu migombani, kwenye uwanja wa kijiji au pembeni ya soko, husikika ngoma.

Ngoma hiyo ndiyo inayostahili safari. Si ile ya hotelini inayochezwa kwa watalii walioshuka mlimani, ingawa nayo ina utamu wake. Ni ngoma ya vikundi vya sanaa vya kijamii: vijana, kina mama na pengine mzee mmoja au wawili, ambao hucheza, huchekesha na kuigiza, kisha huwageukia watazamaji na kuwauliza maswali ambayo nyumbani hayaulizwi. Mtoto huja kwa sababu ya kichekesho. Mzazi huondoka na jambo la kufikiria njia nzima.

Neno moja, mizigo minne

Kiswahili kimelipa neno "ngoma" kazi nyingi. Ni chombo kinachopigwa. Ni mchezo unaochezwa. Ni shughuli ya tiba pia, pale mgonjwa anapochezewa ngoma ili pepo atulie. Na tangu miaka ya UKIMWI, mitaani Tanzania neno hilo limekuwa fumbo la virusi vyenyewe. Husemwa fulani "ana ngoma", kama inavyosemwa "amekanyaga miwaya". Watu hutabasamu wanapotamka, kwa kuwa kutamka jina halisi ni kazi ngumu zaidi.

Kuchanganya mchezo na tiba si jambo la Kiswahili peke yake. Mtafiti wa Marekani, John Janzen, aliyefanya utafiti katika miji kadhaa ya Afrika ikiwemo Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1992 kitabu alichokiita Ngoma. Alionyesha kwamba katika jamii nyingi za Kibantu, ngoma, wimbo na uponyaji hukaa nyumba moja. Mgonjwa hatibiwi akiwa amefungiwa chumbani peke yake. Huimbiwa na kujibiwa mbele ya watu waliowahi kuugua kama yeye.

Mfano ulio wazi zaidi nchini uko Kanda ya Ziwa. Wasukuma wana pande mbili za ngoma zinazoshindana, Bagika na Bagalu, ambazo asili yake husimuliwa kuwa ni waganga wawili waliopimana nguvu. Wapo pia Bayeye, wachezaji wa nyoka, ambao chama chao kilibeba ujuzi wa dawa za kuumwa na nyoka. Katika sherehe za Bulabo, zinazofanyika Bujora karibu na Mwanza majira ya sikukuu ya Ekaristi, mtoto hupiga kelele akimwona chatu shingoni mwa mchezaji. Babu yake hatazami chatu. Anamtazama mchezaji, kwa kuwa zamani huyo ndiye aliyekimbiliwa usiku mtu akiumwa shambani.

Uchaggani dawa ya ugomvi ni jani. Isale, mmea wenye majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi, ni alama ya amani na ya kuomba radhi. Aliyekosa akija na jani la isale, mkosewa hana ruhusa ya kumfukuza. Lazima asikilize. Mangi Petro Itosi Marealle, aliyeandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947, aliona haja ya kuyaweka kwenye maandishi mambo ya aina hii kabla hayajapotea. Hayajapotea. Vikundi vya sanaa vimeyachukua na kuyapandisha jukwaani, hata kama jukwaa lenyewe ni udongo mwekundu na kivuli cha mti.

Watu hukusanywa kwa kicheko

Kikundi kinapofika kijijini, hakianzi na hotuba. Ngoma hupigwa kwanza, na watoto ndio wanaofika mbio. Wanafuata vijana wa bodaboda, ambao hubaki wamekaa juu ya pikipiki zao kuonyesha kwamba hawana muda. Kina mama husogea polepole, mmoja na mkungu wake wa ndizi, mwingine na ndoo, kila mmoja akisema anapita tu. Wazee hufika mwisho na hupewa viti.

Halafu anaingia mchekeshaji. Mara nyingi ni mwanamume mrefu aliyevaa kanga na kilemba, akitembea kama bibi anayeumwa magoti, au ni mlevi aliyeshika kata ya mbege na kuilinda kuliko mtoto mchanga. Hucheka watu wote, kwa sababu kila mtu ana mjomba wa namna hiyo. Huwatania Wachagga kwa yale ambayo Watanzania wote huwatania: kupenda fedha, kufungua duka kila mahali, na kurudi nyumbani kila Krismasi "kwenda kuhesabiwa". Mwenye utani wa nyumbani hakasirikiwi.

Kicheko hicho kina kazi. Watu waliocheka pamoja kwa dakika 20 hawawi tena wageni kwa wenzao. Mabega yameshuka na midomo imefunguka, na hata yule wa bodaboda ameshuka kwenye pikipiki. Hapo ndipo igizo lenyewe linaanza.

Igizo la kihamba

Chukua mfano wa kisa ambacho kila mtu wa miteremko hii anakijua. Mwanamume aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam amefariki. Mwili umeletwa nyumbani kuzikwa kihambani, kama desturi inavyotaka. Matanga yakiisha, shemeji anaanza kupima shamba kwa hatua za miguu. Mjane ana watoto watatu na barua ya hospitali ambayo hajamwonyesha mtu.

Mchekeshaji yule yule wa mwanzo ndiye anayecheza shemeji, na watu wanaendelea kucheka anapopima kihamba, anapojikwaa kwenye mfereji, anapohesabu migomba kwa vidole na kukosea. Kisha anasimama mbele ya mjane na kumwambia, "Shemeji, wewe ulikuja na sanduku moja. Ondoka nalo." Uwanja unanyamaza.

Mjane hajibu. Anatoka mtu mwingine, mzee wa ukoo, na kumtaka shemeji aombe radhi kwa isale. Mchekeshaji anakwenda nyuma ya watazamaji na kurudi na jani la mgomba. "Meku, hili nalo ni kijani." Kicheko kinarudi, lakini sasa kina uchungu ndani yake, kwa sababu kila mtu anajua tofauti ya jani la isale na jani la mgomba. La kwanza huombea msamaha, la pili hufunikia chungu.

Hapo igizo linakatishwa. Mwezeshaji anaingia katikati na kuuliza: afanye nini huyu mama? Na shemeji je, ni mbaya au ana njaa? Yupo hapa anayeweza kuingia na kucheza nafasi ya mzee wa ukoo vizuri zaidi?

Huo ndio wakati wenyewe. Mama mmoja anasema mjane aende kwa mwenyekiti wa kijiji. Kijana anasema ardhi ni ya ukoo, haiwezi kumfuata mwanamke. Mwezeshaji hamzomei. Anaeleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, kisha anamrudishia swali: dada yako akifiwa huko alikoolewa, ungependa aambiwe nini? Kijana anakuna kichwa, na watu wanacheka tena, safari hii pamoja naye.

Mbinu hii ina historia yake nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa mjini. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza matatizo pamoja nao, kisha wanakijiji wenyewe wakayatungia michezo kwa ngoma na maigizo waliyoyajua, na kuyajadili. Mwaka 1996 ulianza mradi wa Tuseme, uliowawezesha wasichana wa sekondari kusema kupitia sanaa vikwazo vinavyowazuia kusoma. Jina lenyewe lilieleza dawa.

Miaka ya kimya

Ili kuelewa kwa nini mjane yule wa kwenye igizo ana barua mfukoni, inafaa kurudi nyuma. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Haikuchukua muda, ugonjwa ukafika Kilimanjaro. Vihamba vilikuwa vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi kijana wa tatu au wa nne akakosa pa kusimama. Akashuka mjini, akaenda Arusha, Dar es Salaam, Mombasa, akarudi Krismasi. Mtafiti Philip Setel, aliyeandika kuhusu UKIMWI Kilimanjaro katika kitabu kilichotoka mwaka 1999, aliufuatilia uhusiano huo wa uhaba wa ardhi, vijana kuhama na ugonjwa kuenea.

Mtu alipougua, alirudishwa nyumbani auguzwe na mama yake. Alipofariki, ilisemwa ni malaria, ni kifua, ni kurogwa. Watoto walisikia minong'ono jikoni na kunyamazishwa walipoingia. Katika familia nyingi, ukimya huo ndio uliobaki baada ya msiba wenyewe kuisha.

Mwaka 1990, ambao Siku ya UKIMWI Duniani ilikuwa na ujumbe kuhusu wanawake, wanawake wa Moshi walianzisha kundi waliloliita KIWAKKUKI, yaani Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI. Walianza bila ofisi kubwa. Walitembelea wagonjwa majumbani, wakawaangalia yatima, wakatoa elimu vijijini, na matawi yao yakasambaa mkoani. Kazi yao ilionyesha jambo ambalo vikundi vya sanaa vinalijua vizuri: habari ngumu haipokelewi kwa kipaza sauti peke yake. Hupokelewa kutoka kwa mtu unayemfahamu, aliyekaa karibu nawe.

Kuanzia mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini, na leo kliniki za CTC zipo hadi vituo vya afya vya vijijini. Mtu anayeishi na virusi na kumeza dawa zake kila siku anaweza kuzeeka na kucheza na wajukuu. Lakini dawa haimfikii anayeogopa kuonekana kwenye benchi la kliniki. Kwa mtu huyo, mchezo wa nusu saa uwanjani unaweza kufanya ambalo bango la barabarani halikuweza.

Na uponyaji, je?

Vikundi hivi havidai kuponya ugonjwa wa mwili. Mwisho wa onyesho, kwa kawaida, panakuwa na wimbo wa pamoja, na mara nyingi mzee wa kanisa, katekista au shehe huombwa atoe sala, kwa kuwa huku juu hakuna mkutano wa watu unaofungwa bila Mungu kutajwa. Pembeni, mara nyingine, hukaa muuguzi au mshauri kwa anayetaka kupima au kuzungumza faragha. Kuna wanaokwenda moja kwa moja. Kuna wanaozunguka uwanja mara mbili kwanza, wakijifanya wanatafuta mtoto.

Kinachoponywa ni upweke. Mjane aliyemwona mjane mwenzake akichezwa mbele ya kijiji kizima, na kijiji kikamtetea, hawi tena peke yake. Shemeji aliyejiona akichekwa bila kutajwa jina amepewa nafasi ya kubadilika bila kuaibika. Ndiyo kazi ya isale kwa namna nyingine: kumfungulia mkosaji njia ya kurudi.

Moshi inajua pia upande wa pili wa kiu ya uponyaji. Mwaka 2011, magari kutoka Moshi, Arusha na kila kona ya nchi yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa cha shilingi 500 kilichotolewa na mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapile. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Jioni ya Jumamosi, Februari 1, 2020, kwenye uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20, watoto wakiwemo, walifariki katika msongamano wakati waumini wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Matukio hayo hayatajwi hapa ili kuidhihaki imani ya mtu. Waliokwenda walikuwa wazazi waliobeba watoto wagonjwa, madeni, ndoa zilizovunjika na vijana wasio na kazi. Walikuwa na haja ya kweli. Lakini kuna tofauti ambayo mzazi anaweza kuiona kwa macho. Katika umati ule, kila mtu alitazama mbele na kukimbilia mahali pamoja, na hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Katika duara la kijijini, watu hutazamana. Mtoto akianguka, anaonekana. Mwenye shaka anaweza kunyoosha mkono. Mzazi akitaka kujua mahali pa uponyaji ni salama kwa familia yake, hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia: je, hapa naruhusiwa kuuliza swali, na naruhusiwa kuendelea na dawa zangu?

Binti wa Kinukamori

Kutoka Moshi hadi Marangu ni mwendo wa takriban kilomita 40. Gari hupita Himo, huiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Joto hubaki chini. Migomba husogea hadi ukingoni mwa lami, kahawa chini yake, na maji ya mifereji ya asili yakipita kati ya nyumba na nyumba. Familia nyingi hupanda huku kuona maporomoko ya Kinukamori, yaliyo karibu na Marangu Mtoni.

Juu ya maporomoko ipo sanamu ya msichana na chui. Waongozaji husimulia hekaya ya Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa, zama ambazo kosa hilo lilikuwa na adhabu ya kifo. Kwa hofu alikuja hapa kukatisha maisha yake. Aliposimama ukingoni akabadili nia, akageuka arudi nyumbani kuwaomba wazazi msamaha. Akakutana na chui. Akakimbia, akasahau korongo lililo nyuma yake.

Watalii hupiga picha na kuendelea na safari. Mzazi mwenye binti wa miaka 13 husimama kidogo zaidi, kwa sababu hekaya hii inasema wazi kwamba Makinuka alikwisha kuamua kurudi. Kilichomkosesha nyumbani si uamuzi wake. Hapakuwa na mtu njiani wa kumpokea.

Vikundi vya sanaa vinavyofundisha kuhusu mimba za utotoni havihitaji kutafuta kisa mbali. Wakimcheza binti wa leo mwenye sare ya shule, swali la mwezeshaji huwa lile lile: nani angekuwa njiani? Tangu Novemba 2021, Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya mimba kurudi shuleni. Tangu mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima virusi vya UKIMWI bila kusubiri ridhaa ya mzazi. Mtoto anayefanyiwa ukatili, au mtu mzima anayemwona mtoto wa jirani akiteswa, anaweza kupiga 116 bila malipo, au kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Wazazi wengi huyasikia mambo haya kwa mara ya kwanza uwanjani, katikati ya kicheko, na hukumbuka zaidi kuliko walivyoyasoma.

Kwa mzazi anayepanga safari

Maonyesho ya vijijini hayana ratiba ya mwaka mzima inayobandikwa stendi. Ofisi ya kata, afisa utamaduni wa wilaya, shule na parokia ndio wanaojua kikundi gani kinacheza wapi. Siku zenye nafasi kubwa ya kukuta onyesho ni Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, na zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, ambazo ndani yake imo Siku ya UKIMWI Duniani, Desemba 1. Muda mfupi baadaye mabasi ya Krismasi huanza kupanda, na familia zilizotawanyika hukutana tena kihambani na mambo yao yote ambayo hayajasemwa.

Wabebeeni watoto masweta, hasa Juni hadi Agosti, kwani ubaridi wa migombani si wa mzaha. Mtori na kiburu vinapatikana mjini na njiani. Mbege ni ya watu wazima, na hata kwao ina kipimo.

Jambo kubwa zaidi ni simu. Watu wakianza kucheza, kurekodi kwa ruhusa ya kikundi hakuna ubaya. Watu wakianza kusema, simu iingie mfukoni. Mama anayesimama mbele ya majirani zake na kutaja hali yake ya afya amewaambia wao, hajauambia ulimwengu mzima. Mtoto akimwona mzazi wake akizima kamera wakati huo, amejifunza heshima bila kuhubiriwa.

Kwa watoto wadogo, ngoma na vichekesho vinatosha. Wakati wa igizo zito mnaweza kusogea pembeni mkale ndizi. Kwa wenye miaka 10 na kuendelea, wacheni waone na wasikie mjadala. Msiwaambie kabla kitakachofundishwa. Wasubirini wenyewe waulize.

Nao huuliza. Mara nyingi si uwanjani, bali kwenye gari wakati wa kushuka, jua likiwa linazama na watu wamechoka. Gari likishafika Himo na kuanza kuelekea mjini, wingu hufunguka na Kibo hutokea upande wa kulia, barafu yake imepata rangi ya chungwa. Mzazi huinua kidole kuonyesha mlima uliosubiriwa tangu asubuhi.

Mtoto huutazama, kisha hurudi kwenye jambo lake. "Baba, kwa nini yule shemeji alileta jani la mgomba?" Na baada ya kimya kifupi, "Sisi baba mdogo alikufa na nini?"

Kwenye kiti cha Hiace, katikati ya abiria, si mahali rahisi pa kujibu. Mzazi anaweza kusema, "Tukifika nyumbani nitakuambia, mwanangu." Kilichobaki ni kwamba wakifika nyumbani, amwambie kweli.